Mwaka Mmoja, Kisha Nini?

Baada ya swala ya Alasiri tuliketi juu ya mkeka chini ya mwembe ulio ubavuni mwa msikiti, mimi na mzee ambaye sitamtaja jina kwa kuwa jambo lake bado halijaisha. Tulikuwa Bugwema, Musoma Vijijini, katika siku zile ambazo muhogo huanikwa juu ya miamba na vumbi la barabara iendayo Musoma mjini halitulii hata magharibi. Mzee huyu ana mjukuu wa miaka kumi na sita ambaye hulazimika kuinama kila aingiapo mlangoni. Wiki mbili kabla ya mimi kufika, walimu wawili kutoka shule moja ya kulipia, iliyo mbali na hapo, walikuja nyumbani kwake kwa pikipiki. Hawakuuliza matokeo ya kijana ya kidato cha pili. Walimsimamisha ukutani, wakapima urefu wake, wakauandika daftarini, kisha wakamweleza babu kwamba shule yao itampa kijana kitanda bwenini, sare na viatu vya michezo, ili aichezee timu ya mpira wa kikapu katika mashindano ya mwaka ujao.

“Mwanangu,” mzee aliniambia, akizungusha tasbihi vidoleni, “wewe unaandika magazetini na umetembea. Nieleze jambo moja tu. Mwaka mmoja, kisha nini?”

Sikuwa na jibu pale mkekani. Nilimwomba muda, nikarudi kwenye vitabu na kumbukumbu, na haya ninayoyaandika ni yale niliyompelekea, pamoja na machache niliyoyaongeza kwa ajili ya kila nyumba yenye mtoto ambaye miguu yake inaipita suruali kabla ya mwaka kwisha.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Wafuatiliaji wa UMISSETA, michezo ya shule zetu za sekondari, wanalijua kwa jina lake: mamluki. Ni mchezaji anayeletwa shuleni au wilayani kwa sababu ya mashindano, akavaa jezi ya watu asiowajua, na kikombe kikishapatikana haulizwi tena amelala wapi. Kila mwaka waandaaji huonya dhidi ya mamluki, na kila mwaka kuna timu inayokatiwa rufaa kwa sababu yao. Lawama zote humwangukia kijana, naye huitwa mamluki kana kwamba yeye ndiye aliyebuni hila. Mtu mzima aliyemfuata kwao kwa pikipiki haitwi jina lolote.

Neno hilo limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni anayemilikiwa. Mamluki wa Misri walikuwa vijana walionunuliwa mbali, wakapelekwa Cairo wakiwa wadogo ili wawe askari, na warithi wao wakaitawala nchi hiyo tangu 1250 hadi 1517. Hata hivyo, kuna jambo moja katika historia yao ambalo ningependa walimu wale wa pikipiki walisome. Kijana aliyenunuliwa aliwekwa kambini akafundishwa kwanza Qur’ani, kusoma na kuandika. Mkuki na farasi vilifuata baadaye. Alipohitimu aliachwa huru kwa hati. Wale walionunua watu sokoni waliona ni wajibu wao kumfundisha herufi mtu waliyemtaka kwa ajili ya vita. Sasa turudi kwenye kitanda cha bweni na viatu.

Ili kuona mwisho wa njia hii inabidi tutazame Marekani, kwa kuwa ndiko biashara hii ilikokomaa, na ndiko vijana wetu warefu wanakoota kwenda. Huko vyuo vikuu vina timu za mpira wa kikapu zinazotazamwa na mamilioni ya watu. Mwaka 2010, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilitia saini mkataba wa kuonyesha mashindano yake makuu katika televisheni kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14. Kwa fedha za namna hiyo, kocha anayekosa mchezaji bora hupoteza kazi, na kocha anayempata hulipwa kuliko gavana wa jimbo. Mchezaji mwenyewe, kwa kanuni za wakati huo, hakuruhusiwa kulipwa. Alipewa ada, chakula na malazi.

Zamani nyota wa sekondari waliweza kuruka moja kwa moja hadi ligi ya kulipwa, NBA. Kevin Garnett alifanya hivyo mwaka 1995, Kobe Bryant mwaka 1996, na LeBron James mwaka 2003. Mwaka 2005 ligi na chama cha wachezaji wakakubaliana kwamba kuanzia uchaguzi wa 2006 mchezaji lazima awe na umri wa miaka 19, na kwa aliyesoma Marekani, uwe umepita angalau mwaka mmoja tangu darasa lake lihitimu sekondari. Lengo lililotajwa lilikuwa kuwakomaza vijana. Kilichotokea ni kwamba vyuo vikuu viligeuka kituo cha mabasi. Nyota anaingia Agosti, anacheza kuanzia Novemba, msimu unakwisha mwanzoni mwa Aprili, na ifikapo Juni amekwishachaguliwa na timu ya kulipwa. Mwaka 2007 wachezaji wawili wa kwanza kuchaguliwa, Greg Oden na Kevin Durant, walikuwa wamekaa chuoni mwaka mmoja tu kila mmoja. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Kentucky kilitwaa ubingwa kwa timu iliyojengwa juu ya vijana wa mwaka wa kwanza. Miezi michache baadaye wawili kati yao, Anthony Davis na Michael Kidd-Gilchrist, walichaguliwa wa kwanza na wa pili. Kocha wao, John Calipari, hakuona haya kusema waziwazi kwamba hiyo ndiyo njia yake. Ninamheshimu kwa hilo zaidi kuliko wale wanaozungumzia malezi na elimu huku wakifanya lile lile.

Mzee aliposomewa sehemu hii aliniuliza kama hao vijana walidhulumiwa. Nilisita. Davis na Durant wamekuwa matajiri kupindukia, na si haki kumhurumia mtu aliyepata alichokitaka. Dhuluma, kama ipo, tuitafute kwa wale ambao mguu ulivunjika kabla ya Juni, au ambao Juni ilifika na jina lao halikusomwa. Oden yule aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2007, mbele ya Durant, aliharibika magoti akacheza michezo 105 tu katika maisha yake yote ya NBA. Miaka mingi baadaye alirudi katika chuo kile kile alichokaa mwaka mmoja, Ohio State, na mwaka 2019 akapata shahada yake akiwa mtu mzima. Mlango ule ulikuwa wazi kwa sababu alikuwa na rekodi ya mwanafunzi, hata kama ilikuwa ya mwaka mmoja. Joel Embiid wa Cameroon, aliyefika Marekani akiwa na miaka 16, alikaa Chuo Kikuu cha Kansas msimu mmoja wa 2013 hadi 2014. Mgongo ulimtoa uwanjani kabla ya mashindano makuu, kisha mfupa wa mguu ukavunjika siku chache kabla ya uchaguzi. Philadelphia walimchukua hata hivyo, nafasi ya tatu, na akakaa misimu miwili mizima bila kucheza mchezo wowote. Mwaka 2023 alitangazwa mchezaji bora wa ligi. Lakini nani angemlisha katika miaka ile miwili kama hakuna mkataba uliokwishatiwa saini?

Kwetu Tanzania mfano ulio karibu zaidi ni Hasheem Thabeet. Wengi wa wasomaji wa gazeti hili walimshangilia, kwa kuwa ni Mtanzania na ni Muislamu. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na hakushika mpira wa kikapu hadi alipofika umri wa miaka 15 hivi. Kwa urefu wake habari zilisambaa upesi. Alipita Kenya, kisha akaenda Marekani, na huko akahamishwa shule zaidi ya moja ndani ya muda mfupi kabla ya kumaliza sekondari Houston mwaka 2006. Mzazi aliyewahi kumhamisha mtoto hata mara moja, kutoka Bunda kwenda Musoma, anajua kinachopotea: mwalimu anayelijua jina lake, daftari la nusu mwaka, rafiki wa kumkumbusha swala. Kijana yule aliyapitia hayo katika nchi ya kigeni na kwa lugha isiyo yake.

Alipokewa na Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun. Hakuwa mtu wa mwaka mmoja. Alikaa misimu mitatu, na kila msimu ulimwongezea kitu. Akiwa na urefu wa mita 2.21 alikuwa ukuta mbele ya kikapu. Katika msimu wake wa mwisho, wa 2008 hadi 2009, alipata wastani wa pointi 13.6 na kupangua mitupo 4.2 kwa kila mchezo, na timu yake ikafika hatua ya nne bora kitaifa. Msimu huo huo, Februari 2009, jimbo la Connecticut likiwa na upungufu mkubwa wa bajeti, mwandishi mmoja alimuuliza Calhoun kuhusu mshahara wake wa dola milioni 1.6, uliokuwa mkubwa kuliko wa mtumishi mwingine yeyote wa jimbo hilo. Kocha alikuja juu, akasema hatarudisha hata senti. Mtanzania wetu aliyekuwa akipangua mitupo ile alikuwa akipokea ada, chakula na chumba.

Juni 2009 Memphis walimchagua wa pili katika nchi nzima, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Mbele yake alikuwa Blake Griffin. Nyuma yake James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Aliondoka chuoni akiwa na mwaka mmoja mbele yake kutimiza minne ya kawaida. Sitaki kujifanya nabii baada ya tukio, maana mtu aliyeambiwa atalipwa mamilioni kesho ana sababu ya kutosha ya kutongoja. Lakini mchezaji aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 alikuwa bado anajifunza, na NBA si mahali pa kujifunzia. Kabla msimu wa kwanza haujaisha Memphis walimpeleka ligi ndogo. Wakamhamishia Houston, kutoka hapo akaenda Portland, halafu Oklahoma City. Wastani wake katika ligi ile ukabaki pointi 2.2, na baadaye alicheza Japani na Taiwan. Wamarekani humtaja kwa dhihaka katika orodha za waliochaguliwa vibaya. Ni dhihaka ya watu wasiojua umbali kutoka Dar es Salaam hadi pale aliposimama.

Na chuo chake? Huko NCAA hupima timu kwa alama za maendeleo ya masomo. Mchezaji huipatia timu alama akifaulu na akirejea darasani muhula unaofuata. Anayeondoka huku masomo yamemshinda huipunguzia. Mwaka 2013 timu ya wanaume ya Connecticut ilifungiwa kushiriki mashindano makuu kwa sababu wastani wake wa miaka iliyotangulia ulikuwa chini ya kiwango. Chuo kilichojipatia mataji na umaarufu kwa vijana wale kilishindwa kuonyesha kwamba kiliwasomesha ipasavyo. Nililisoma hilo mara mbili kabla ya kumsomea mzee.

Kwa insafu niongeze kwamba chuo hicho hicho ndicho kilichomlea Adama Sanogo, kijana wa Bamako, Mali. Alikaa misimu mitatu pia, kuanzia 2020. Aprili 2023 aliiongoza Connecticut kutwaa ubingwa na akatajwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho, na michezo ile aliicheza ndani ya Ramadhani, amefunga, akifuturu kwa kidogo jua lilipozama ilhali wenzake wanapasha misuli. Picha zake zilizunguka katika simu za Waislamu dunia nzima. Wachache walifuatilia kilichofuata: siku ya uchaguzi, timu zote za NBA zilipitisha raundi mbili na jina lake halikuitwa. Chicago wakampa mkataba wa nusu nusu, mguu mmoja NBA na mwingine ligi ndogo.

Siku hizi kanuni zimebadilika. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaweza kulipwa kwa matangazo yanayotumia jina na sura yake, na tangu 2025, kufuatia maafikiano ya mahakamani, vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Kuhama nako kumekuwa rahisi. Mchezaji anaweza kucheza chuo hiki mwaka huu na kingine mwaka ujao, bila kukaa nje kungoja, na wapo waliopita vyuo vitatu au vinne. Kwa Mmarekani hiyo ni neema. Kijana wa Kiafrika aliye na viza ya mwanafunzi amebanwa asifanye kazi ya malipo kwa uhuru, hivyo fedha ambazo mwenzake wa chumba kimoja huzipokea kwa simu, kwake zimezungukwa na wanasheria. Mzazi anayeambiwa leo kwamba “siku hizi Marekani wanalipa” aulize wanamlipa nani.

Lakini mjukuu wa Bugwema hajaitwa Connecticut. Ameitwa shule ya sekondari iliyo mikoa miwili kutoka kwao, na hapo ndipo mzee alipotaka tushuke. Tukashuka.

Kwanza tuliitazama ile ahadi ya kusomeshwa bure. Tangu 2016 shule za sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne. Kwa hiyo kijana huyu anasoma bila ada hapo alipo, na kinachoongezwa ni bweni, chakula, na heshima ya jina la shule. Hivyo si vitu vidogo kwa nyumba inayotegemea muhogo na ng’ombe wachache. Lakini mizani ikiwekwa sawa, upande wa pili kuna mwaka wa kidato cha nne, mwaka ambao kijana anasajiliwa kwa mtihani wa taifa. Akisajiliwa shule mpya, kisha shule ikamchoka baada ya kombe, atafanyia wapi mtihani? Walimu wale hawakuligusa hilo. Babu naye hakujua kwamba ni la kuuliza, na nikiri kwamba hata mimi lilinijia nikiwa njiani kurudi.

Halafu goti. Kijana anayekua kwa kasi namna ile, anayerukishwa kila jioni juu ya sakafu ya saruji, anaweza kuumia. Nani atalipa hospitali, na akilala kitandani mwezi mzima, je, kitanda hicho kitaendelea kuwa chake? Mama wa kijana, aliyekuwa akitusikiliza kutoka barazani huku akimenya muhogo, ndiye aliyelisema hili. Aliongeza kwamba binti wa jirani yao aliwahi kuchukuliwa hivyo hivyo kwa ajili ya netiboli akarudi muhula wa pili bila cheti cha uhamisho, na ilichukua miezi kumrejesha darasani. Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akakumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. “Hawa,” alisema, “wanataka kumkopa mjukuu wangu. Basi na waandike.”

Tukaandika sisi kwanza. Nilichana karatasi mbili katikati ya daftari langu, na mzee akawa anasema nami ninaweka maneno yake katika mstari. Aliomba shule ieleze kwa maandishi kwamba kijana atabaki mwanafunzi wake hadi amalize mtihani wa kidato cha nne, acheze au asicheze. Alitaka barua ya uhamisho ipitie kwa mkuu wa shule ya sasa, mchana, si kwa pikipiki. Alitaka pia ajue gharama za matibabu zitabebwa na nani, na kwamba Ijumaa kijana ataruhusiwa kwenda kuswali hata kama kuna mazoezi. Mwisho alimtaka mkuu wa shule asaini mwenyewe, kwa sababu makocha, alisema, nao huhama.

Kijana alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote huo, mkono mmoja juu ya tawi la mwembe ambalo mimi ningehitaji kigoda kulifikia. Nilimpa barua aisome kwa sauti. Aliisoma vizuri, akaikunja, kisha akaifungua tena na kumuuliza babu yake kama linaweza kuongezwa jambo moja. Alitaka waandike kwamba atapewa mwalimu wa kumsaidia hisabati jioni, kwa sababu kidato cha pili alipata F, na asingependa kuipata tena.

Mzee alinitazama, nami nikaongeza mstari huo juu ya sahihi. Barua iliondoka Jumamosi na gari la Musoma. Hadi ninapokabidhi makala haya, shule haijajibu.